Lafudhi Hutengenezwa kwa Sikio la Nani?

Mwaka 1964 zilitoka filamu mbili ambazo mpaka leo zinatosha kufundishia somo zima la lafudhi. Ya kwanza ni Mary Poppins, ambamo Mmarekani Dick Van Dyke aliigiza Bert, mfagia dohani wa London, akizungumza Cockney, lafudhi ya watu wa kazi za sulubu wa mashariki ya jiji hilo. Waingereza wamemcheka tangu siku hiyo. Mwaka 2017, BAFTA, chuo cha filamu na televisheni cha Uingereza, walipoamua kumtunuku akiwa ameshavuka miaka 90, alitumia nafasi hiyo kuwaomba radhi.

Ya pili ni Zulu. Humo Michael Caine, mtoto wa mbeba mizigo wa soko la samaki, Cockney wa kuzaliwa, aliigiza luteni wa familia ya kibwanyenye anayezungumza kama watu waliosomeshwa na pesa za babu. Hakuna aliyeguna. Caine mwenyewe amesema mara kadhaa kwamba asingepewa nafasi ile kama mwongozaji angekuwa Mwingereza. Cy Endfield alikuwa Mmarekani, hakuwa na mazoea ya kumpima mtu kwa tabaka lake kila anapofungua mdomo.

Rahisi kusema Caine alikuwa na kipaji na mwenzake hana, lakini si kweli. Mtazame Van Dyke anavyocheza juu ya mapaa pamoja na wafagia dohani wenzake, uniambie kipaji kimepungua wapi. Tofauti iko kwenye kusikia. Caine alikua akizisikia sauti za wakubwa kwa sababu ilimlazimu azisikie: ofisa jeshini, mtangazaji redioni, mwajiri mlangoni. Mnyonge humsikiliza mwenye nguvu kwa makini kuliko mwenye nguvu anavyomsikiliza mnyonge. Van Dyke alifundishwa Cockney na J. Pat O'Malley, mwigizaji mzaliwa wa Lancashire, kaskazini kabisa ya London. Na kuna jambo ambalo Van Dyke amelisema kwa utani lakini mimi sikulichukulia kama utani: kwamba alizungukwa na Waingereza muda wote wa kupiga picha na hakuna aliyemwambia kitu.

Kwa nini wangemwambia? Filamu ilikuwa ya studio ya California, ikitengenezwa kwanza kwa familia za Kimarekani, na kwa masikio ya familia hizo Bert alisikika Mwingereza wa kutosha. Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Lafudhi mbovu kwenye filamu mara chache huwa tatizo la ulimi. Huwa ni uamuzi, hata kama haukuandikwa popote, kuhusu sikio la nani lina thamani.

Ulimi nao una mambo yake, hauwezi kurukwa. Mwigizaji anayejifunza lafudhi hupewa kwanza orodha ya sauti: irabu hii itamke hivi, r ya mwisho idondoshe, t ya katikati imezee kooni. Hiyo ndiyo sehemu rahisi na ndiyo inayoharibu, kwa sababu mwigizaji hubeba alama tatu nne zinazojulikana na kuzipachika kwenye kila neno. Mwenye lafudhi yake haongei hivyo. Mtu wa London huidondosha h hapa na kuitamka pale, kutegemea anaongea na nani, amekasirika au anaomba kazi. Lafudhi ya mwenyewe ina nyufa. Ya kuigiza haina hata moja, imejaa mpaka inamwagika.

Chini ya sauti kuna mdundo, na huko ndiko wengi wanakozama. Kiingereza cha Marekani na cha Uingereza huzibana silabi zisizo na mkazo mpaka nyingine hupotea kabisa, ilhali Waafrika wengi wanaozungumza Kiingereza huipa kila silabi haki yake. Mwigizaji akibadili irabu zote na kuuacha mdundo wake wa nyumbani, sikio la mwenyeji linamkamata kabla sentensi haijaisha, ingawa mwenyeji huyo anaweza asijue kueleza amesikia nini. Atasema tu, "Huyu si wa kwetu." Makocha wazuri wa lafudhi kwa hiyo huanza mbali na orodha. Huanza na mkao wa kinywa: taya inashuka kiasi gani, midomo inasogea au imetulia, ulimi unapumzika wapi mtu akinyamaza. Ukishaupata mkao, sauti nyingi zinakuja zenyewe.

Halafu kuna yale yasiyoandikwa kwenye mswada. Kucheka, kuguna, kuvuta pumzi kabla ya kukataa jambo. Hata kusita kuna lafudhi yake: Mmarekani akitafuta neno hutoa mlio wake, Mfaransa wake, Mjapani wake. Waigizaji wangapi wamekamatwa hapo! Sentensi imenyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha mhusika anafikiri kwa nusu sekunde, na katika mlio huo mmoja California nzima inatoka mdomoni. Ni sawa na mtu aliyevaa viatu vya kuazima: hatua anazipiga vizuri, ila macho hayatoki chini.

Ongeza na namna filamu zinavyopigwa. Matukio hayarekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Mwisho unaweza kupigwa wiki ya kwanza, lafudhi ikiwa bado mbichi, na mwanzo ukapigwa baada ya miezi miwili. Kunong'ona kunaibadilisha lafudhi, na kupiga kelele kunaivunja kabisa. Ndiyo maana Kevin Costner katika Robin Hood: Prince of Thieves ya mwaka 1991 anasikika Mwingereza kidogo katika sentensi hii na Mmarekani asiye na wasiwasi katika inayofuata. Alichekwa sana, na mimi naona alistahili, ila si kwa sababu inayotajwa siku zote. Hadithi ile ni ya Uingereza ya karne ya kumi na mbili, enzi za Mfalme Richard wa Kwanza, na mfalme huyo na mabwana zake walizungumza Kifaransa. Kiingereza cha wanakijiji wa wakati huo Mwingereza wa leo asingekielewa bila kufundishwa. Kwa hiyo hata lafudhi safi ya London ya leo ingekuwa uongo. Kosa la Costner lilikuwa kutoamua adanganye uongo upi.

Sean Connery aliamua. Katika The Untouchables ya mwaka 1987 ni polisi wa Chicago mwenye asili ya Ayalandi, na anazungumza kama Sean Connery, Mskoti wa Edinburgh, mwanzo hadi mwisho. Lafudhi ile imewahi kuwekwa katika orodha za lafudhi mbaya kuliko zote katika historia ya sinema, na uhusika ule ule ulimpa Oscar. Hakuna mgongano hapo. Mtazamaji husamehe lafudhi ambayo haipo kwa urahisi kuliko lafudhi inayokuja na kuondoka, kwa sababu ya kwanza haimkumbushi kwamba kuna mtu anahangaika.

Usahihi peke yake nao haukuokoi. Meryl Streep, ambaye kwa Sophie's Choice ya mwaka 1982 alijifunza Kipolandi ili apate Kiingereza cha mtu anayekifikiria kwa Kipolandi, katika A Cry in the Dark ya mwaka 1988 alimwigiza Lindy Chamberlain wa Australia, mama aliyefungwa kwa kosa la kumuua mtoto wake na baadaye kusafishwa. Chamberlain alizaliwa Nyuzilandi akahamia Australia akiwa mdogo, na Streep aliufanyia kazi mchanganyiko huo. Marekani ikageuza kilio cha mama yule, kwamba dingo, mbwa mwitu wa Australia, amemchukua mtoto wake, kuwa kichekesho cha televisheni kwa miaka mingi. Watu waliokuwa wakiiga sentensi ile kwa kejeli hawakuwa na lolote la kuilinganisha nalo. Lafudhi ilisikika ngeni, na ugeni ukachukuliwa kuwa kosa. Sikio ambalo halijawahi kufika mahali fulani lina mamlaka makubwa ajabu juu ya jinsi mahali hapo panavyopaswa kusikika.

Wenye biashara wanalijua hilo kuliko wakosoaji. Mad Max, filamu ya Kiaustralia ya mwaka 1979, ilipopelekwa Marekani iliingizwa sauti upya na Wamarekani, Kiingereza juu ya Kiingereza. Mel Gibson, aliyekuwa hajulikani bado, alinyang'anywa sauti yake. Waliohofiwa pale ni watazamaji wa Marekani.

Mwaka 2020 likaja tukio lililoliweka wazi jambo hili kuliko uchambuzi wowote. Trela ya Wild Mountain Thyme ilipotoka, Ayalandi nzima ilicheka. Filamu ilipigwa huko huko Ayalandi, na Jamie Dornan, mmoja wa waigizaji wakuu, ni mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini. Bado kilichosikika ni Ayalandi ya kadi za salamu. Mwandishi na mwongozaji wake, John Patrick Shanley, Mmarekani mwenye asili ya huko, hakujificha: alieleza kwamba aliwataka waigizaji walegeze lafudhi ili dunia iwaelewe, na kwamba filamu hiyo hakuwa akiwatengenezea Waayalandi. Nilimheshimu kwa ukweli wake. Wengine hufanya hivyo hivyo kisha huajiri msemaji wa kuzungumzia utafiti wa kina.

Usidhani ni ugonjwa wa wanaozungumza Kiingereza tu. Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000, filamu ya Kichina iliyochukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ina wahusika wakuu wanne wenye lafudhi nne. Zhang Ziyi ni wa Beijing. Chang Chen ni wa Taiwan. Chow Yun-fat ni wa Hong Kong, lugha yake ni Kikantoni. Michelle Yeoh alikulia Malaysia, Kimandarini, lugha ya filamu hiyo, hakukijua, akakariri maneno yake kwa sauti. Watazamaji wa Ulaya na Marekani walisoma tafsiri chini ya skrini na kuuona Uchina mmoja wa kale, wenye upole na mianzi. Watazamaji wengi wa China bara walisikia watu wanne waliokutana kwenye uwanja wa ndege. Narcos, mfululizo wa televisheni, ilirudia hadithi hiyo mwaka 2015: Wagner Moura, Mbrazili, alihamia Medellín, Kolombia, kujifunza Kihispania ili amwigize Pablo Escobar, bwana wa dawa za kulevya wa mji huo. Alifanya kazi ya kutisha, na usoni anatisha kweli. Lakini Wakolombia walimsikia mgeni akiagiza watu wauawe kwa lafudhi isiyo ya mji wao, wakati watazamaji wa nje walikuwa wakisifu jinsi mfululizo ule ulivyothubutu kutumia Kihispania halisi.

Na sasa Afrika, ambako mimi husikiliza nikiwa nimekunja uso kabla hata taa hazijazimwa.

Hollywood ina lafudhi moja iliyoitengenezea bara lenye lugha zaidi ya elfu. Unaijua. Inakwenda taratibu, inafungua irabu zote, inaviringisha r, inakwepa vifupisho ili kila mhusika asikike anatoa wosia. Haina nchi. Mwenye nayo anaweza kuwa mfalme, mpiganaji wa msituni au daktari, na wote watatu wanaongea kama wamelelewa na bibi mmoja. Will Smith alipoigiza Concussion mwaka 2015, akiwa Bennet Omalu, daktari Mwigbo aliyegundua madhara ya ubongo kwa wachezaji wa mpira wa Kimarekani, Wanaijeria walianza kulalamika tangu trela. Hakukosea kila sauti. Alichokosa ni mahali. Mwigbo, Myoruba na Mhausa hawaongei Kiingereza kwa namna moja, na Mnaijeria huwatofautisha kwa sentensi mbili. Omalu wa Smith alikuwa Mnaijeria wa jumla, na mtu wa jumla hajawahi kuzaliwa.

Hotel Rwanda ya mwaka 2004 ilikuwa na shida kubwa zaidi ambayo haikuzungumzwa sana. Mwaka 1994 Rwanda ilikuwa nchi ya Kinyarwanda na Kifaransa. Don Cheadle na wenzake wanazungumza Kiingereza chenye lafudhi hata wanapokuwa chumbani peke yao, mume na mke. Lafudhi ya nini? Ya lugha gani wanayoikosea? Kuna waliofanya kinyume. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili amwigize Idi Amin katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006, wakapiga picha Uganda kwenyewe, na ukimsikiliza utaona kwamba Kiingereza chake kinatoka kwenye mwili wa askari aliyezoea kuamrisha kwa lugha nyingine. Alipata Oscar. Alisaidiwa pia na jambo moja: Amin alirekodiwa sana, na kumwiga mtu mmoja ni kazi nyepesi kuliko kuwaiga watu. Mandela ameigizwa na Danny Glover, Sidney Poitier, Morgan Freeman na Idris Elba, watatu Wamarekani na mmoja Mwingereza, na wote walikuwa na sauti ileile ya kufuatilia. Hakuna kanda ya namna hiyo kwa mama muuza mahindi.

Mama muuza mahindi yumo kwenye Queen of Katwe ya mwaka 2016, na Lupita Nyong'o, Mkenya, alimwigiza Mganda huyo vizuri. David Oyelowo, Mwingereza wa wazazi Wanaijeria, naye hakuaibika. Sitaki kuwapunguzia sifa, ila angalia walifanyia kazi wapi. Mwongozaji Mira Nair ameishi Kampala miaka mingi. Watoto wanaobeba hadithi ni watoto wa Uganda. Kila siku wageni wale wawili walipofungua mdomo, mbele yao walikuwa wamesimama wenye lafudhi, na watoto hawana adabu ya kunyamaza mtu mzima anapokosea.

Black Panther nayo inataka kuamuliwa kwa haki. Wakanda, nchi ya Kiafrika ya filamu hiyo, haipo, hivyo hakuna Mwakanda wa kulalamika, na wavivu wangeishia hapo. Chadwick Boseman alikataa mhusika wake, mfalme T'Challa, aongee kama Mwingereza au Mmarekani, na hoja yake ilikuwa nzito: nchi ambayo haijawahi kutawaliwa ingepata wapi lafudhi ya mtawala? Kiksosa, lugha ya Waksosa wa Afrika Kusini, kiliingia kupitia John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyekuwa baba yake T'Challa katika filamu iliyotangulia, mwaka 2016, na Boseman akafuata, vidoko na vyote. Ninachokinung'unikia ni ramani. Filamu zenyewe zinaiweka Wakanda upande wetu wa mashariki, maelfu ya kilomita kutoka kwa Waksosa, na huko milimani M'Baku, anayeigizwa na Winston Duke wa Tobago, anazungumza kwa lafudhi iliyochotwa kwa Waigbo. Inapendeza kusikiliza. Inaonyesha pia kwamba hata kwa nia njema, bara hili bado linachukuliwa kama ghala ambalo unaingia kuchagua sauti.

Suala la wenyeji wanaozungumza wao kwa wao ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu lilishapatiwa dawa. Katika House of Gucci ya mwaka 2021, Waitaliano wako Italia, wanagombana na ndugu zao, kwa Kiingereza cha watalii. Kwa mantiki ya hadithi wanazungumza Kiitaliano fasaha. Mtu hana lafudhi ya kigeni akiwa nyumbani kwake. Ukimpa lafudhi hiyo unamgeuza mgeni sebuleni kwake mwenyewe. The Hunt for Red October ya mwaka 1990 ilitatua tatizo hili kwa kamera: maofisa wa Kisovyeti wanazungumza Kirusi, kamera inasogea mpaka mdomoni mwa mmoja wao, na ikirudi nyuma wanaongea Kiingereza. Mtazamaji ameelewa makubaliano, hakuna tena haja ya kubana ulimi. Chernobyl ya mwaka 2019 haikujisumbua hata na hilo. Watengenezaji waliona kwamba waigizaji wakipewa lafudhi ya Kirusi wataigiza lafudhi badala ya kuigiza watu, wakawaacha, wengi wao Waingereza, waongee kama kwao. The Death of Stalin ya mwaka 2017 ilikwenda mbali zaidi: Jason Isaacs alimpa Marshali Zhukov, kamanda wa jeshi la Kisovyeti, lafudhi ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na mara moja unajua huyu ni mtu wa mikoani, mkavu, asiyeogopa wanasiasa wa mji mkuu. Lafudhi ile si ya Zhukov hata kidogo, na inasema kweli kumhusu kuliko r za Kirusi elfu moja.

Mjadala wa sasa umehamia kwenye mashine. Januari 2025 ilijulikana kwamba The Brutalist, filamu kuhusu msanifu majengo Mhungaria aliyekimbilia Marekani, ilitumia akili mnemba kurekebisha baadhi ya matamshi ya Kihungaria ya Adrien Brody na Felicity Jones. Lafudhi yao ya Kiingereza haikuguswa. Ni mistari ya Kihungaria iliyosafishwa. Makelele yalikuwa makubwa, wengine wakitaka Brody anyimwe Oscar, ambayo aliichukua Machi mwaka huo. Alikuwa na haki zote za kuisikia lafudhi ile: mama yake, mpigapicha Sylvia Plachy, alizaliwa Hungaria.

Mashine haikunishtua sana. Filamu zimekuwa zikirudia kurekodi sauti studio tangu zamani, na Mad Max haikuhitaji kompyuta kumpora Gibson mdomo wake. Nilichokitazama ni nani aliyelalamika kwanza, ndani ya chumba cha uhariri, kwamba irabu hazijakaa sawa. Alikuwa mhariri Dávid Jancsó, na Kihungaria ni lugha yake ya kuzaliwa. Alitaka hata Mhungaria wa Budapest asigundue tofauti. Watazamaji wengi wa filamu ile wasingegundua chochote, hakuna studio ambayo ingepoteza senti kwa kuziacha irabu zilivyo, na wazungumzaji wa Kihungaria duniani ni wachache kuliko wa Kiigbo au Kiyoruba. Walichokuwa nacho ni mtu wao mmoja aliyeketi kwenye mashine ya uhariri, mwenye mamlaka ya kusema sentensi hii irudiwe.